Gari Lipi Kali Zaidi? Jibu Liko Ubavuni mwa Tairi

Wakusanye watu watatu wanaopenda magari, waulize gari lipi kali kuliko yote, kisha kaa pembeni usikilize. Wa kwanza atataja Tesla Model S Plaid, na simu itatoka mfukoni papo hapo kuonyesha video ya gari hilo la umeme la milango minne likiiacha Lamborghini kwenye mataa. Wa pili atamcheka: hiyo ni friji yenye usukani, gari ni Ferrari. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa wao kwa umri, atawaacha wachoke, halafu atasema Porsche 911 kwa sauti ya mtu anayefunga kesi. Nusu saa baadaye wako palepale.

Hakuna anayeshinda kwa sababu hakuna anayemjibu mwenzake. Mmoja anazungumzia mbio. Mwingine anazungumzia nembo, yaani ile heshima inayotangulia gari kabla hata halijawashwa. Wa tatu anawaza gari atakaloamka nalo kesho na keshokutwa, mvua inanyesha, ana mizigo, na barabara ina matuta. Tatizo ni kwamba mambo haya matatu yanavutana: kinachoongeza moja mara nyingi kinakula lingine. Ukitaka kuuona mvutano huo mahali pamoja, chutama kando ya gari utazame tairi. Nitarudi hapo mara kadhaa.

Mbio: sekunde zina maandishi madogo

Namba inayotajwa kuliko zote ni muda wa kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Kwa 911 Turbo S ya kizazi cha 992 ilipotoka mwaka 2020, ikiwa na nguvu farasi 650, Porsche ilitaja sekunde 2.7. Ifanyie hesabu ndogo. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Gawanya kwa 2.7 na utapata mchapuko wa wastani, yaani kasi ya kuongezeka kwa mwendo, wa mita 10.3 kwa sekunde, kila sekunde. Jiwe likidondoka kutoka juu ya paa huchapuka kwa 9.8. Maana yake gari hilo linakusukuma mbele kwa nguvu inayozidi kidogo ile inayokuvuta chini ukiwa umesimama.

Kazi hiyo haibebwi na injini peke yake. Inapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo ambalo ungeweza kulifunika kwa viganja vyako viwili. Tairi la barabarani lina kikomo cha mshiko, na kikomo hicho kiko karibu sana na namba tuliyoipata hapo juu. Ukishakifikia, kuongeza nguvu farasi 200 hakukufikishi mapema. Kunachoma mpira tu. Kinachopunguza muda kuanzia hapo ni tairi laini zaidi, magurudumu yote manne kuvuta, uzito kukaa mahali panapofaa, na kompyuta inayojua kupunguza nguvu kabla tairi halijateleza. Ndiyo sababu 911, ambayo injini yake imekaa nyuma kabisa, juu na nyuma ya ekseli inayosukuma, huondoka vizuri kuliko magari kadhaa yenye injini kubwa kuliko yake. Na ndiyo sababu gari la umeme linatisha kwenye mataa: mota yake haingoji mizunguko ipande wala turbo, ile pampu ya hewa ya injini, ijae upepo, na kompyuta inaipima na kuirekebisha haraka kuliko inavyowezekana kwa injini ya petroli.

Halafu kuna maandishi madogo chini ya namba. Tesla ilipoitoa Model S Plaid mwaka 2021 ilitangaza sekunde 1.99. Hiyo ni ya kufika maili 60 kwa saa, ambazo ni kilomita 96.6, si 100. Tena saa haikuanza kuhesabu gari lilipoanza kusogea. Ilianza baada ya gari kusogea futi moja, kama sentimita 30. Huo ni utaratibu wa zamani wa viwanja vya mbio fupi vya Marekani, na majarida mengi ya huko huutumia, kwa hiyo si ulaghai. Lakini zile sentimita 30 hubeba karibu robo sekunde. Ukiiweka namba hiyo kando ya namba ya Ulaya iliyopimwa kutoka gari lilipokuwa limesimama kabisa, unalinganisha mizani miwili tofauti kisha unashangaa kwa nini haikubaliani.

Niliwahi kukaa kiti cha abiria kwenye mwondoko wa aina hii. Dereva alikanyaga breki kwa mguu wa kushoto, akabonyeza mafuta mpaka chini kwa mguu wa kulia, injini ikapanda ikaganda hapo ikinguruma bila kupanda zaidi. Kwenye dashibodi pakatokea maandishi kwamba gari liko tayari. Akaachia breki. Kisogo changu kilibamizwa kitini na simu iliyokuwa mapajani tukaja kuipata nyuma, chini ya begi. Nilicheka kama mtoto. Tulirudia, nikacheka tena. Mara ya nne, kusema ukweli, nilikuwa naangalia dirishani.

Kwa hiyo nikitaka kujua gari lina nguvu kweli, naangalia muda wa kutoka 100 hadi 200. Hapo tairi si kikwazo tena. Ni nguvu dhidi ya uzito na upepo, na hakuna namna ya kujificha. Hapo pia ndipo magari mengi ya umeme yenye gia moja huanza kupungukiwa pumzi, jambo lililoifanya Porsche iipe Taycan gia mbili kwenye mota ya nyuma.

Spidi ya juu kabisa ni habari nyingine, na ndipo fizikia inapokuwa katili. Upepo unaolipinga gari huongezeka kwa mraba wa spidi, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa mchemraba. Ukitaka kwenda mara mbili ya spidi yako unahitaji nguvu mara nane. McLaren F1, gari lenye kiti cha dereva katikati na injini ya BMW ya silinda 12 isiyo na turbo, lilifikisha kilomita 386 kwa saa mwaka 1998 kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani, likiwa na nguvu farasi zipatazo 627. Mwaka 2005 ikaja Bugatti Veyron: silinda 16, turbo 4, rejeta 10, nguvu farasi 1,001. Ilifika 407. Zaidi ya nguvu farasi 370 zimeongezwa, na zilichonunua ni kilomita 21 tu.

Hata hizo hazikupatikana kwa kukanyaga mafuta peke yake. Veyron ilikuwa na ufunguo wa pili uliochomekwa gari likiwa limesimama. Ndipo gari lilipojishusha chini, bawa la nyuma likabadilisha mkao, na kompyuta ikaruhusu kuvuka kilomita 375. Kwa spidi hiyo ya mwisho tangi lingekauka kwa takriban dakika 12. Wapenzi wa gari hilo walipenda kusema kwamba hilo ni jambo jema, kwa kuwa tairi nazo zisingedumu zaidi ya robo saa. Mwaka 2019 Andy Wallace, dereva yuleyule aliyeendesha ile McLaren ya 1998, alirudi Ehra-Lessien na Bugatti Chiron iliyorefushwa mkia, akafikisha 490.484. Magari yaliyouzwa kwa wateja baada ya hapo yalifungiwa yasifike huko.

Wakati huohuo, kwa miaka mingi, watengenezaji wakubwa wa Ujerumani walikubaliana kufunga magari yao yasizidi 250, na Wajapani walikubaliana tangu 1989 hadi 2004 wasitangaze zaidi ya nguvu farasi 280. Vipeperushi viliandika 280. Vipimo vya gereji viliandika vingine. Kwa hiyo namba iliyo kwenye karatasi imekuwa siasa kitambo.

Kipimo ambacho wahandisi wenyewe hukiheshimu zaidi ni mzunguko wa Nürburgring, ule wa kaskazini, Nordschleife: zaidi ya kilomita 20 za milima, kona zisizoonekana mwisho wake na lami iliyochakaa. Huko gari linapimwa breki, upoozaji wa oili, shokapu na uvumilivu. Nako kuna maandishi madogo. Kabla ya 2019 wengi walipima kilomita 20.6, siku hizi muda rasmi ni wa kilomita 20.832. Tairi zinazotumika mara nyingi ni zile laini mno ambazo mvua ikinyesha huwezi kuziamini.

Mwaka 2008 Nissan ilitangaza kwamba GT-R yake imezunguka kwa dakika 7 na sekunde 29, haraka kuliko 911 Turbo ya wakati ule. Porsche haikuvumilia. Ilinunua GT-R yake, ikaipeleka uwanjani, ikatoka hadharani kusema muda walioupata haukukaribia kabisa huo. Nissan ikashikilia msimamo wake. Wengi waliukumbuka ugomvi huo kama ugomvi wa saa na tairi. Mimi naukumbuka kwa sababu nyingine: kampuni yenye nembo inayotamaniwa duniani kote ilitoka jasho kwa ajili ya gari la Nissan. Kama nembo ingetegemea mbio, siku ile Porsche ingekuwa imeumia. Haikuumia. Heshima ya 911 ilibaki palepale.

Nembo: Lamborghini moja, majina mawili

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba heshima ya nembo ni malipo ya mbio. Ingekuwa hivyo, siku gari la umeme la familia lilipoanza kuyaacha magari ya Italia kwenye mataa, bei za Maranello, mji wa Ferrari, zingeporomoka. Hazikutikisika. Mbio zimekuwa rahisi kununua kuliko wakati wowote, na nembo zimezidi kuwa ghali.

Kuna jaribio zuri ambalo sekta yenyewe ilitufanyia. Audi inaimiliki Lamborghini tangu 1998. Lamborghini Huracán iliyotoka mwaka 2014 na Audi R8 ya kizazi cha pili iliyofuata mwaka 2015 zilijengwa juu ya mifupa ileile, zikiwa na injini ileile ya silinda 10 na ujazo wa lita 5.2, iliyounganishwa katika kiwanda kilekile cha Győr, Hungaria. Ukizisikiliza ukiwa umefumba macho unaweza kukosea. Ukizisimamisha mbele ya hoteli huwezi. Huracán itazungukwa na watoto na simu. R8 itapata mtu mmoja mwenye miwani atakayeikaribia taratibu na kumuuliza mwenyewe maswali ya maana. Bei nazo zilitofautiana, na baada ya miaka kadhaa mkononi tofauti hiyo kwa kawaida ilibaki palepale au kupanuka. Injini ni moja. Kilichouzwa kwa ziada ni fahali kwenye boneti.

Fahali huyo ametoka wapi? Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta aliyeanzisha kampuni ya magari mwaka 1963, na nyota yake ilikuwa Ng'ombe. Farasi wa Ferrari ana historia nzito zaidi: alichorwa kwenye ndege ya Francesco Baracca, rubani wa Italia aliyekufa vitani mwaka 1918. Enzo Ferrari alikuwa mtu wa timu ya mashindano kwanza. Gari la kwanza lenye jina lake, 125 S, lilitoka 1947, na magari ya barabarani yalikuwa njia ya kupata fedha za kushindana. Mteja wa leo analipia miaka yote hiyo ya mashindano, pamoja na ajali zake na jeuri yake.

Lakini historia peke yake haitoshi. Kuna nembo za Uingereza na Ufaransa zenye historia tele zilizokufa zikiwa nayo mkononi. Ferrari inajua jambo la pili: kutengeneza pungufu. Mwaka 2024 ilikabidhi magari 13,752 dunia nzima. Porsche, mwaka huohuo, ilikabidhi karibu 310,000. Na kwa matoleo machache ya Ferrari, fedha haitoshi; lazima uwe mteja wa siku nyingi, ndipo jina lako lifikiriwe. Kizuri chajiuza, ndiyo, ila Maranello wanahakikisha hakiuzwi kwa kila mtu.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Lexus LFA. Toyota iliitengeneza kwa miaka miwili tu, mwisho wa 2010 hadi mwisho wa 2012, magari 500 basi. Injini yake ya silinda 10, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, ilipanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, haraka kiasi kwamba mshale wa kawaida ulishindwa kuifuata, wakaamua kuweka skrini. Ilipotoka watu walicheka: nani atalipa fedha ya Ferrari kwa gari la jamaa wanaotengeneza Corolla? Waliocheka wanaangalia minada ya sasa, ambako LFA huuzwa ghali zaidi kuliko ilipokuwa mpya, wakinyamaza. Haikuwa na nembo ya kifahari kwa maana ya zamani. Ilikuwa na sauti isiyo na mfano, idadi ndogo, na uhakika kwamba haitatengenezwa tena. Kwa hiyo naamini nembo ni hadithi iliyoungwa na uhaba. Mbio ni kitoweo.

Gari la kuishi nalo

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo video huiruka. Gari kali ukilipata, jambo la kwanza linalobadilika si spidi yako bali macho yako. Unaanza kuona barabara upya. Tuta ambalo ulilivuka miaka kumi bila kulifikiria sasa lina urefu, lina pembe, lina tabia. Unapunguza mwendo mpaka karibu kusimama, unalikabili kwa mshazari ili gurudumu moja la mbele lipande kwanza, unashusha dirisha usikilize. Ukisikia mkwaruzo chini ya bampa hakuna linaloweza kufanyika tena. Ukirudi nyuma unakwaruza mara ya pili. Magari mengi ya sasa yana kitufe cha kuinua pua kwa sentimita chache, na mwenye busara hakichukulii kama anasa. Ukinunua gari la aina hii mkononi na mwenyewe hakukiagiza lilipokuwa jipya, kagua sehemu ya chini ya bampa kwa taa ya simu. Utasoma maisha yake yote pale.

Baada ya matuta huja foleni. Injini yenye nguvu nyingi ni tanuri, na ikiwa nyuma ya mgongo wako kwenye msongamano utalihisi joto lake. Giaboksi zenye klachi mbili, ambazo uwanjani hubadilisha gia bila wewe kujua, kwenye mwendo wa konokono zinaweza kusitasita na kudunda kama mwanafunzi wa udereva. Kioo cha nyuma kinakuonyesha injini. Milango inahitaji nafasi ambayo aliyeegesha kando yako hakukuachia.

Lakini rudi kwenye tairi. Ile 911 Turbo S inavaa tairi za upana wa milimita 255 mbele na 315 nyuma, kwa hiyo huwezi hata kuzibadilishana mbele na nyuma ili zichakae sawasawa. Ubavuni zina herufi Y. Herufi hiyo ni ahadi ya spidi: V ni hadi kilomita 240, W ni 270, Y ni 300, na Y iliyowekwa ndani ya mabano ni zaidi ya 300. Mpira wenye uwezo huo mara nyingi ni laini, na laini huisha upesi. Ukilifunga gari hilo tairi la herufi ya chini kwa kuwa hilo ndilo lililopatikana dukani, ile sekunde 2.7 umeirudisha kiwandani.

Na likipata pancha? Magari mengi ya aina hii hayana spea. Yana chupa ya gundi na pampu ndogo. Kwenye baadhi ya Porsche gurudumu zima limeshikwa na nati moja kubwa katikati, kama gari la mashindano, na nati hiyo hukazwa kwa newtonimita 600. Nati ya gari la kawaida hukazwa kwa mia na kitu. Nimeshuhudia fundi mzuri wa tairi, mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akiitazama nati ya namna hiyo, akaizunguka, akaigusa kwa kidole, kisha akarudisha spana zake kwenye boksi. Hakukosa ufundi. Alikosa spana ndefu kama mkono wake na mtu wa pili wa kukanyaga breki.

Huduma nazo ni dunia yake. Ferrari F355 ya miaka ya 1990, ambayo kwa macho yangu ni mojawapo ya magari mazuri zaidi kuwahi kuchorwa, ili ubadilishiwe mkanda wa taimingi lazima injini ishushwe yote. Mkanda! Kitu ambacho kwenye gari la kawaida ni kazi ya asubuhi moja. Na haujali kama umeendesha au hukuendesha. Unazeeka ukiwa umelala. Warithi wake waliwekewa mlango nyuma ya viti, na baadaye mikanda ikawa minyororo, na Ferrari yenyewe ikaanza kuuza magari mapya yakiwa na huduma ya miaka 7 ndani ya bei. Hawakufanya hivyo kwa ukarimu. Walijua kilichokuwa kinawakimbiza watu. McLaren F1 inavunja rekodi zote: kwa miaka mingi mafundi wake walilazimika kutunza kompyuta za mkononi za Compaq za miaka ya 1990, kwa kuwa ndizo pekee zilizoweza kuzungumza na gari lile.

Aliyeuvunja mtindo huo alikuwa Honda. NSX ilipoanza kuuzwa mwaka 1990 ilikuwa na bodi nzima ya alumini, jambo ambalo hakuna gari la uzalishaji wa wingi lililokuwa nalo, na injini ya silinda 6 iliyopanda hadi mizunguko 8,000. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula 1, aliijaribu kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, wakati wa matayarisho na akawaambia wahandisi bodi iongezwe ugumu. Lakini yaliyowashtua Waitalia yalikuwa mambo madogo: dereva aliona nje pande zote, kiyoyozi kilifanya kazi, klachi haikuhitaji mguu wa mwanariadha, na asubuhi gari liliwaka. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, aliifanya kipimo cha gari lake katika uendeshaji wa kila siku. Hata hivyo waandishi wengi wa wakati ule waliiandika kwamba haina roho. Roho, kwa tafsiri yao, ilikuwa gari linalokuacha njiani mara mojamoja. Baada ya NSX, Ferrari zilianza kuwa na viti vinavyokalika.

911 ilipita njia nyingine. Ilifikisha gari la milioni moja mwaka 2017, na bado watu huigeukia. Kwa kanuni ya uhaba niliyoieleza juu ingepaswa kuwa imepoteza heshima zamani. Nadhani imeponea kwa ukaidi: umbo lile tangu 1963, injini mahali ambapo kitabu kinasema isikae, na ushindi wa mashindano usiokatika. Ina viti vidogo nyuma vya watoto au begi, buti mbele, na upana unaoingia kwenye maegesho ya kawaida. Si gari linalokupa zaidi katika lolote kati ya yale matatu. Ni gari ambalo halikunyimi mno lolote. Yule mzee wa ubishi ana hoja, hata kama namna yake ya kuisema inaudhi.

Corvette ya kizazi cha nane nayo isidharauliwe. Tangu ilipohamishia injini katikati, kwa modeli ya mwaka 2020, inaenda sambamba na magari ya Italia ikiwa na injini ya lita 6.2 ya mpangilio wa kizamani, vijiti vikisukuma vali kama ilivyokuwa miaka ya babu zetu. Ukizamani huo ni faida: injini ni fupi, si tata, na spea zake zinatengenezwa kwa wingi. Nembo yake haitambi nje ya Marekani kama inavyotamba ndani. Ukiwa hununui ili uonekane, hiyo ni punguzo la bei.

Magari ya umeme niyapitie upesi. Hayana oili ya injini ya kubadilisha wala klachi ya kukanyaga, breki zake huchoka polepole, na ni matulivu kwenye foleni. Lakini Plaid ina uzito wa zaidi ya tani mbili, na uzito huo wote, pamoja na ule mvuto wa ghafla, unapita kwenye tairi. Tena tairi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa watu wenye akili zao, nao ni bei ya mkononi. Sedani kali ya Ujerumani iliyokuwa ya mkurugenzi hushuka thamani vibaya sana ndani ya miaka kumi, mpaka inafika mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida anaiona na kusema, kumbe naiweza. Anaiweza kununua. Gari limeshuka bei, spea hazikushuka. Diski za breki, shokapu zinazoongozwa kwa kompyuta, sensa, zote zinauzwa kana kwamba gari bado ni la mkurugenzi. Nikiulizwa lipi ni ghali zaidi kumiliki kati ya gari kali jipya lenye dhamana na lile la bei ya kutupwa la mwaka wa kumi na mbili, sijibu haraka.

Upande wa pili wa mtego ni magari ambayo thamani yake haishuki. Hapo nembo inaanza kumtawala mwenye gari. Kila kilomita inayoongezeka kwenye spidomita ya Ferrari adimu inapunguza bei yake mnadani, kwa hiyo mwenyewe anaacha kuiendesha ili aitunze. Inakaa chini ya turubai ikiwa imechomekwa chaja ya betri. Mikanda inazeeka, sili zinakauka, petroli inachacha. Tangazo la kuuza litasema kwa fahari: kilomita 4,000 tu, tairi zake za kiwandani.

Ndiyo maana nikienda kumsaidia mtu kukagua gari la aina hii siombi kwanza kusikia injini. Nachutama. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne ndani ya kiboksi cha duara dufu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata za tairi zinaweza kuwa nzima kabisa, kina chake kama siku lilipotoka kiwandani, na mpira wake ukawa mgumu kama soli ya kiatu. Muuzaji akishaniambia kwamba gari linafika 100 kwa sekunde tatu, namwomba asogeze taa karibu tuisome namba hiyo pamoja.